Bathsheba Nyakerario na Goti la Kulia

Mimi ninayesoma naitwa Haron Mokua, mwalimu mstaafu, mdogo wake marehemu. Watoto wake walitaka wasifu huu usomwe na kijana mwenye sauti ya kupendeza, nikawaambia hapana. Sababu mtaisikia tukifika kwenye ndoa. Mchungaji ameniomba niwe mfupi, kwa kuwa mvua ya msimu huu haina adabu. Nitajaribu, ingawa dada yangu hakuwa mtu wa kuelezwa kwa ufupi.

Marehemu Bathsheba Nyakerario Nyangate alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, nyuma ya soko la Suneka, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Obwocha na marehemu Mama Kerubo. Tulizaliwa sita katika nyumba ile. Tangu Jumatano ya wiki iliyopita nimebaki peke yangu, na bado sijajua mtu aliyebaki peke yake humwuliza nani akisahau jina la ng'ombe wa kwanza wa kwao. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni. Alikuwa na matege kidogo tangu utotoni, na mama alipenda kusema kwamba miguu ile ilipindwa na uzito wangu. Miaka mingi baadaye daktari wa mifupa alinieleza kwamba si kweli, kwamba miguu hupinda kwa sababu zake yenyewe. Nilimshukuru, lakini sikumwamini sana.

Alisoma shule ya msingi pale pale Suneka kuanzia mwaka 1961, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1967. Alifaulu lugha zote mbili na akaanguka hesabu. Hakuona haya hata kidogo. Mama alikuwa ameanza kuugua wakati huo, kwa hiyo Bathsheba alibaki nyumbani kumsaidia, na habari ya shule ikaishia hapo. Hata hivyo hakuacha kusoma. Kila asubuhi alifungua Biblia na lesoni yake ya Sabato, kitabu amekishika mbali na uso, miwani akiitafuta nyumba nzima na kumbe iko kichwani.

Tarehe 9 Desemba 1973 aliolewa na marehemu Mzee Nyangate wa hapa Manga. Ng'ombe walioletwa Suneka kwa ajili yake baba aliwatunza, wakazaana, na mwaka 1981 ndio walionitolea mimi mahari. Ninyi Wagusii wenzangu mnajua maana yake. Mwanamume aliyeoa kwa ng'ombe wa dada yake hana mdomo mbele ya dada huyo maisha yake yote. Bathsheba aliijua haki yake vizuri sana. Akija kwangu aliingia jikoni moja kwa moja, akafunua sufuria, kisha akaniambia, “Haron, huyu mke nilikuolea mimi. Ukimkasirisha nachukua mtu wangu naenda.” Mke wangu alicheka na kumwongezea mboga za chinsaga. Basi kama kuna anayeuliza kwa nini ninasoma mimi, jibu ndilo hilo.

Mungu aliwajalia watoto watatu: Duncan, Lorna na Emily. Mzee Nyangate alitutoka mwaka 2009. Walikuwa wameishi pamoja miaka thelathini na mitano bila kelele ya kusikika barabarani, jambo ambalo hapa kwetu si dogo.

Kazi yake ilikuwa chai. Mgeni akifika Manga husifu milima, lakini mwenye shamba huona mteremko tu. Dada aliushuka na kuupanda mteremko ule maisha yake yote ya ndoa, kikapu mgongoni, kutoka kwenye majani hadi kituo cha chai kule juu barabarani, siku za matope na siku za vumbi. Nyuma ya nyumba alikuwa na migomba, na hakuna mgeni aliyeondoka kwake bila kufungiwa ndizi. Hata aliyekataa alizikuta kwenye begi lake akifika nyumbani.

Alibatizwa mwaka 1975, na mwaka 1984 akachaguliwa kuwa shemasi. Hapa naomba mnivumilie, hasa ninyi wageni wetu Wakatoliki na wa makanisa mengine, kwa sababu bila kueleza jambo hili hamtamwelewa marehemu. Sisi Waadventista, mara moja kila robo ya mwaka, kabla ya kushiriki Meza ya Bwana, huwa tunatawadhana miguu kama Bwana alivyowatawadha wanafunzi wake. Wanaume huingia chumba chao na wanawake chao. Unakaa, mwenzako anapiga magoti mbele yako na beseni la maji, anakuosha miguu na kukupangusa kwa taulo. Kisha unapiga magoti wewe. Baada ya hapo ndipo mnaingia kwa mkate na divai.

Mwenzake Bathsheba alikuwa Nyanchoka, jirani yake wa upande wa chini, ambaye yuko hapa mbele yetu. Waliolewa Manga mwaka mmoja, wote wawili wakitoka mbali na wote wawili wakiogopa mama wakwe zao. Walianza kutawadhana mwaka 1976, na kwa miaka mingi hakuna robo iliyowapita. Hata walipokuwa wamekosana, na walikosana mara nyingi kuhusu mbuzi na mipaka, ile Sabato ikifika walinyamaza, wakaoshana, wakatoka wakicheka. Mzee Nyangate alikuwa akisema ugomvi wa wanawake wale wawili hauwezi kuishi zaidi ya miezi mitatu.

Magoti ya dada yalianza kuuma mwaka 2008. Tulidhani ni baridi ya Manga. Alikandwa kwa maji ya moto, akapakwa dawa za kila rangi, akachomwa sindano. Mwaka 2012 gegedu zilikuwa zimekwisha kabisa, mfupa ukawa unasaga mfupa, na matege yale ya utotoni yakazidi mpaka mguu wa kulia ukawa umejikunja kwa nje kama mpini wa jembe la zamani. Mwaka huo alikwenda kutawadhana, Nyanchoka akamwosha, na zamu yake ilipofika akajaribu kushuka akashindwa. Alishika kiti, akajaribu tena. Wanawake wengine waligeuza nyuso ili wasimwone.

Mchungaji wa wakati ule alimwambia kwa upole kwamba inaruhusiwa kukaa kwenye kigoda na kumwosha mwenzake hivyo hivyo. Wazee wengi wanafanya hivyo na Mungu hawakasirikii. Dada akakataa. Alisema, “Mchungaji, mimi najua kuosha sufuria nikikaa. Mtu namwosha nikipiga magoti.” Na kwa kuwa hakutaka kuoshwa bila kuosha, wala kuingia mezani bila kutawadhana, aliacha Meza ya Bwana. Nilimwambia huo ni ukaidi. Nililisema zaidi ya mara moja, na ninalisema leo mbele ya jeneza lake kwa sababu hata yeye alikubali kwamba ni ukaidi. Hakubadilika.

Miaka kumi na mitatu. Kila robo, akiwa shemasi, aliamka mapema kuliko wote akaenda kanisani kuwapashia wenzake maji, kwa sababu hakupenda wazee waoshwe kwa maji baridi. Alipanga mabeseni, akakunja taulo. Halafu watu walipoanza kuingia, yeye alitoka na fimbo yake akakaa nje na watoto ambao hawajabatizwa. Mnajua jinsi watu walivyo. Mtu mzima akikosa meza mara mbili, inaulizwa ametenda nini. Maneno yalisemwa. Yalimfikia, maana hapa Manga kila kitu kinafika. Hakuwajibu. Lakini jioni moja nilimkuta jikoni kwake analia peke yake, na nilipomwuliza kama ni maumivu ya goti akasema, “Goti nimezoea. Ninatamani kuingia mezani, Haron. Ninatamani mpaka nasikia ladha ya ule mkate.”

Ndiyo maana, Duncan alipokuja na habari kwamba katika hospitali moja mjini Kisii kuna daktari anayebadilisha magoti kwa kusaidiwa na kompyuta, dada yangu, ambaye alikuwa amekataa kisu kwa miaka, alivaa gauni la kanisani siku hiyo hiyo.

Nilikuwepo walipoonana na Daktari Mogaka. Alitueleza vizuri, na mimi kama mwalimu nilifurahi. Alisema goti jipya ni la chuma na plastiki ngumu, na kazi kubwa si kuliingiza bali kuliweka katika mstari ulionyooka kutoka nyonga hadi kifundo cha mguu. Likikaa upande kidogo tu, linachakaa haraka. Kwa hiyo wakati wa upasuaji hufunga vijipira vinavyong'aa kwenye mfupa wa paja na wa muundi, kamera inaviona, na kompyuta inachora mguu kwenye skrini pamoja na pembe zake. Daktari anauona mstari kabla ya kukata, na anaupima tena akishakata. Mguu wa dada ulikuwa umepinda digrii kumi na moja.

“Sasa hiyo kompyuta ndio itakata?” Duncan akauliza.

“Hapana. Mikono ni yangu. Kompyuta inanionyesha tu.”

“Daktari, mimi nauliza kitu moja,” dada akasema. “Nitapiga magoti?”

Daktari Mogaka hakumdanganya, na kwa hilo familia itamheshimu siku zote. Alivuta kiti akakaa karibu naye. “Mama, wengi niliowabadilishia goti wanatembea, wanapanda ngazi, wanalala usiku bila maumivu. Kupiga magoti, wengi hawapigi. Wengine wanaumwa, wengine wanaogopa tu. Kompyuta inanisaidia kuliweka goti sawasawa. Haiwezi kukuahidi kwamba utalipiga.”

“Basi hiyo kompyuta iweke goti sawa,” dada akasema. “Kulipiga niachie mimi.”

Habari ilipofika kanisani ilikuwa imeshakua. Ilisemwa Bathsheba anakwenda kukatwa na roboti na hakutakuwa na mtu ndani ya chumba. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye sitamtaja kwa kuwa ameketi pale nyuma na ananiangalia, alisafiri mpaka Kisii kumwuliza daktari, “Na stima ikipotea katikati je?” Daktari akamjibu kwamba wana jenereta, na kwamba yeye alijifunza kubadilisha magoti kabla hajaiona kompyuta hiyo. Mzee akarudi ameridhika, akatuongoza kwa maombi marefu ambayo ndani yake aliiombea pia kampuni ya umeme.

Upasuaji ulifanyika Jumanne, tarehe 20 Februari 2024. Alichomwa sindano ya mgongoni, kwa hiyo hakulala kabisa. Katikati ya kazi alimwuliza muuguzi kile kinacholia ni nini, na baada ya mfupa kukatwa na goti kukaa, daktari alikubali skrini igeuzwe kidogo ili aione. Alitusimulia habari hiyo mara nyingi kuliko habari ya harusi yake. Aliona mguu umechorwa kwa mistari, umenyooka kuanzia juu mpaka chini. Akauliza huo ni wa nani. Wakamwambia ni wake. Akasema, “Huo sio wangu wa Manga. Huo ni ule nilikuwa nao kabla Haron hajazaliwa.” Daktari Mogaka aliniambia ilibidi aache vyombo kidogo watu wamalize kucheka.

Alirudi nyumbani baada ya siku chache, na hapo ndipo tulipokaribia kuharibu kila kitu kwa upendo wetu. Hapa kwetu mama mzee aliyekatwa hospitalini haachiwi kuinuka. Mnajua. Walikuja majirani, wakaja akina mama wa kanisa, wakaja wakwe kutoka Sironga. Mmoja alipika, mmoja alichota maji, mmoja alimwinulia mguu akauweka juu ya mto. Akitaka kusimama, watu watatu waliruka kumkalisha. Ilikuwa heshima kubwa na kila mtu aliionea fahari. Goti lenyewe lilikuwa likikauka polepole kama ngozi iliyoachwa juani.

Mtaalamu wa mazoezi, kijana anayeitwa Ian, alipofika kutoka Nyamira alimkuta dada amezungukwa na wageni kumi na sahani ya ndizi mapajani. Akapima goti kwa rula yake ya pembe. Lilikunjika digrii sitini tu.

“Nani amemkataza kutembea?” akauliza.

“Hakuna amemkataza,” akajibu Emily, kitinda mimba wa marehemu. “Tunamheshimu tu.”

“Basi mnamlemaza kwa heshima,” Ian akasema. “Daktari na kompyuta yake wameweka goti mahali pake. Kukunjika, hakuna mashine itamkunjia. Ni yeye. Na kwa digrii hizi hata choo kitamshinda, usiseme magoti.”

Dada aliposikia neno hilo la magoti, aliondoa sahani mapajani. Aliomba fimbo. Akawaambia wageni wote wakae, na yeye akaenda jikoni kuwaletea chai, kikombe kimoja kimoja, akiuma meno. Ilimchukua muda mrefu, chai ikawafikia baridi, na hakuna aliyethubutu kuinuka kumsaidia kwa sababu Ian alikuwa amesimama mlangoni. Tangu siku hiyo utaratibu wa nyumba ile ulikuwa huo: mgeni anakaa, mgonjwa anatumwa.

Alijitesa kwa mwaka mzima na zaidi. Alikaa ukingoni mwa kitanda akivuta kisigino nyuma huku akiimba, na hakuruhusu mguu urudi mpaka ubeti uishe. Alichagua nyimbo zenye beti ndefu. Mjukuu wake Natasha, binti wa Duncan, aliweka kwenye simu programu ya kupima pembe, akawa anaifunga kwenye mguu wa bibi yake kwa utepe wa nywele.

“Magokoro, leo umefika tisini na nane,” Natasha alimwambia siku moja.

“Hiyo simu yako inanionea. Pima tena.”

Alipanda kilima, akashuka kilima. Alirudi kwenye chai, mstari wa juu kwanza, halafu mstari wa chini. Wengi wenu mlimwona akipita njiani na mguu mmoja umenyooka na mwingine wa matege, mkamtania kwamba anatembea kama watu wawili tofauti. Alijibu kwamba wa kushoto zamu yake inakuja. Ni kweli, ulikuwa umepangiwa Januari mwakani.

Mwezi Julai mwaka huu alinipigia simu asubuhi.

“Haron, nimefika chini.”

“Chini wapi? Umeanguka?”

“Nimepiga magoti, mwalimu. Kando ya kitanda, kwa godoro. Goti la kulia.”

Nikamwuliza, “Na umeinukaje?”

“Hilo bado,” akasema. “Mtume Duncan aje.”

Alisema ngozi ya juu ya goti haikusikia kitu, ilikuwa imekufa ganzi pale penye kovu, na kwamba kwa ndani kulikuwa na maumivu lakini ya kuvumilika. Daktari Mogaka alimwangalia akamwambia halitavunjika, aendelee polepole. Alipotoka kliniki alitangaza kwamba Meza ya Bwana ya robo ya tatu, Sabato ya tarehe 27 Septemba 2025, ataingia. Alimwambia Nyanchoka akate kucha. Nyanchoka alimjibu kwamba kucha zake ziko sawa tangu 2012, zinamsubiri yeye tu.

Jumatatu tarehe 22 Septemba alishindwa kupumua vizuri akiwa shambani. Lorna na Duncan walimpeleka hospitali Nyamira. Madaktari walitueleza kwamba moyo wake ulikuwa umechoka kwa shinikizo la damu la miaka mingi, na kwamba goti halikuhusika kwa lolote. Wauguzi walimhudumia vizuri na tunawashukuru. Jumanne alizungumza nasi, akauliza kama taulo za kanisa zimefuliwa. Aliaga dunia Jumatano, tarehe 24 Septemba 2025, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Sitawaficha. Kilichotuuma zaidi si kwamba amekufa, maana sote tuko njiani. Kilichotuuma ni kwamba alikufa akiwa amebakiza siku tatu. Tuliketi nyumbani kwake siku zile, watoto na mimi, na kila mtu alikuwa akilihesabu jambo hilo kimoyomoyo, na hakuna aliyelitamka. Mtu amekatwa mfupa, ameteswa na digrii mwaka mzima, hakutaka kingine chochote, halafu siku tatu. Mimi nilimkasirikia Mungu. Mchungaji analijua hilo, tulilizungumza.

Sabato ile tulikwenda kanisani kwa sababu yeye angetugombeza tusipokwenda. Lorna, ambaye sasa ni shemasi, alipasha maji peke yake. Kilichotokea katika chumba cha wanawake sikukiona, lakini Lorna na Nyanchoka wamenisimulia, na wameniruhusu nikisome.

Nyanchoka aliingia akakaa kwenye kiti, viatu mguuni. Lorna aliona kwamba hana mwenzake, akachukua beseni akaenda kupiga magoti mbele yake, amwoshe kwa niaba ya mama. Nyanchoka akarudisha miguu chini ya kiti.

“Inuka, mwanangu. Mimi nimeshatawadhwa.”

“Na nani, mama? Si umeingia sasa hivi?”

“Na mama yako. Jumapili.”

Lorna alikaa chini sakafuni na beseni mikononi.

Jumapili tarehe 21, Nyanchoka alisema, alikuwa ametoka kuchuma chai, miguu ina matope. Bathsheba akashuka njia ile ya katikati ya migomba peke yake, bila fimbo. Hakuwa na beseni wala taulo. Alichukua karai la vyombo, akamimina maji yaliyokuwa yakichemshiwa ugali, akayapoza, akamwambia Nyanchoka akae.

“Nikamwambia ngoja Sabato, nyinyi watu wa haraka,” Nyanchoka alinisimulia. “Akasema, ‘Sabato ni ya kanisa. Nitapiga pale watu waone, wanyamaze. Lakini miaka kumi na tatu si wao walikuwa wananingoja. Ni wewe.’ Akashika mlango, akashuka. Hapo kwa simiti, hakuna godoro. Mguu ile mbaya ameiweka mbele, ile ya kompyuta ameipiga chini. Mwalimu, nilisikia goti likigusa. Aliniosha hata katikati ya vidole. Mimi ndio nililia.”

Kisha ikafika kuinuka, na hakuweza. Nyanchoka alijaribu kumvuta, na yeye mwenyewe si msichana, akateleza kwenye yale maji akakaa chini kando yake. Wakacheka mpaka wakakosa nguvu za kuita mtu. Walikaa pale sakafuni muda mrefu, wamenyoosha miguu, wakizungumza juu ya mwaka waliofika Manga na jinsi walivyowaogopa mama wakwe zao. Hatimaye walivuta kigoda, mmoja akamsukuma mwenzake. Bathsheba alipoondoka alishukuru kwa Kigusii, “Mbuya mono. Tuonane Sabato.”

Hayo ndiyo aliyotuachia. Nyanchoka alikaa nayo tangu siku ile, hata katika msiba, kwa sababu dada alikuwa amemwambia asiharibu ile ya Sabato kwa kutangaza hii mapema. Baada ya kumwambia Lorna aliinuka, akaingia mezani, akala mkate na kunywa divai, na nilipomwangalia kutoka upande wa wanaume niliona ameacha nafasi ya mtu mmoja kando yake kwenye benchi.

Bado inauma. Meza yenyewe hakuifikia. Nitamtamani kila nikifunua sufuria nyumbani kwangu, na mke wangu, mtu ambaye dada aliniolea, tangu juzi hapiki chinsaga kwa sababu hajui amwekee nani kipande cha kwanza cha ugali wa wimbi.

Marehemu ameacha watoto watatu, Duncan, Lorna na Emily, wakwe zake, wajukuu saba, wakiongozwa na Natasha, Nyanchoka, ambaye si wa ukoo wetu kwa damu wala kwa ng'ombe, lakini familia imekubaliana jina lake liandikwe hapa na litangulie la kwangu kila litakapotajwa, na mdogo mmoja wa marehemu, Haron Mokua, ninayesoma.

Bathsheba, lala salama hapa kwenye mteremko wako, upumzike kwa amani, mpaka asubuhi ile Bwana atakapokuita mezani nawe uinuke bila kushikwa mkono.